Kuelekeza Mhimili wa Darubini ya Kompyuta kwenye Ncha ya Anga

Wengi wanaoanza kutumia darubini yenye kompyuta huamini kwamba ikishaweza kuipata nyota waliyoichagua, kazi ya kuiweka sawa imekwisha. Imani hiyo huharibu picha nyingi. Kompyuta huweza kukokotoa kosa la mhimili, yaani ekseli ambayo darubini huizunguka, na kulifidia inapotafuta nyota, lakini haiwezi kuunyoosha mhimili wenyewe, kwa kuwa huo ni chuma na hurekebishwa kwa skrubu za stendi.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na mota ya stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake huwekwa sambamba na ule wa dunia, hufuata nyota kwa mwendo huohuo. Mhimili wake ukiikosa ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, kwa digrii 1 tu, nyota huweza kuhama kwa takriban sekunde 16 za tao kila dakika (digrii moja ina dakika 60 za tao, na kila dakika ya tao ina sekunde 60). Anayetazama kwa jicho atavumilia, ila picha ya dakika tano itatoka na vistari badala ya nukta. Hata kamera ya kuongoza, ambayo huitazama nyota moja na kuisahihisha mota, haiponyi kosa hilo, kwani picha nzima huzunguka polepole kuizunguka nyota inayofuatwa, na nyota za pembeni huchora matao.

Anza kwa kusawazisha miguu mitatu kwa pimamaji, kisha inua mhimili kwa pembe iliyo sawa na latitudo ya mahali ulipo. Dira hukuonyesha kaskazini ya sumaku, nayo hutofautiana na kaskazini halisi, kwa hiyo tafuta tofauti hiyo ya eneo lako kabla ya kuitegemea. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, nyota ya Kutubu, iitwayo pia Polaris, husaidia sana, ingawa yenyewe haiko kwenye ncha: iko umbali wa takriban dakika 40 za tao, ambao unazidi upana wa mwezi mpevu. Walio kusini wana kazi ngumu zaidi, maana nyota iliyo karibu na ncha yao, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi cha kutoonekana kwa urahisi.

Baada ya hapo, ukishaitambulisha kwa nyota kadhaa, kompyuta huwa msaidizi mzuri. Darubini nyingi zina amri ya kuelekea mahali nyota ingekuwapo kama mhimili ungekuwa sawa. Nyota ikionekana pembeni ya lenzi, usiguse vitufe vya rimoti. Zungusha skrubu za stendi kidogokidogo, ya kimo na ya upande, hadi nyota itulie katikati ya nyuzi za msalaba. Nashauri zoezi hili lirudiwe mara mbili au tatu, kwa sababu mara ya kwanza huacha kosa.

Anayetaka usahihi zaidi aitazame nyota iliyo kusini, karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), inapovuka mstari wa kaskazini-kusini. Kwa mtazamaji wa kaskazini, ikihamia kusini, mhimili umeelekea mashariki mno. Ikihamia kaskazini, umeelekea magharibi mno. Kisha atazame nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikihamia kusini, mhimili uko chini mno, na ikihamia kaskazini, uko juu mno. Kazi hii huweza kuchukua saa nzima, na kwa mpiga picha saa hiyo haipotei.

Skrubu zikishakazwa, rudia kuitambulisha kompyuta kwa nyota zake, kwa sababu hesabu za awali zilifanywa mhimili ukiwa umeelekea kwingine.