Mokumentari: tashtiti iliyovaa nguo za ukweli

Mokumentari ni mchezo wa kuigiza unaoonyeshwa kana kwamba ni makala ya hali halisi. Kamera inawafuata watu ofisini, msimulizi ana sauti ya taarifa ya habari, wahusika wanahojiwa mezani kwao. Vyote vimetungwa. Mwigizaji hatafuti kuchekesha. Anafanya kazi yake kwa dhati, na mtazamaji anacheka kwa sababu amewahi kukaa kwenye kikao kama kile.

Maandalizi ya Olimpiki yanaufaa sana mtindo huu, maana tarehe haisogezwi na fedha ni za umma. BBC ilitengeneza Twenty Twelve kabla ya michezo ya London. Kipindi cha kwanza, cha 14 Machi 2011, kilihusu saa ya kuhesabu siku zilizobaki, na matatizo yake. Kesho yake saa halisi, iliyokuwa imezinduliwa katika uwanja wa Trafalgar Square jijini London, ikasimama.

Lakini kwangu mfano mkubwa ni The Games ya televisheni ya ABC ya Australia, iliyoanza 1998, kuelekea Olimpiki ya Sydney. John Clarke anaigiza mkuu wa maandalizi. Siku moja anagundua kuwa njia ya mbio za mita 100 ina mita 94. Anamhoji mkandarasi, naye anajibu kwa utulivu kabisa, kama mtu asiyeona kosa liko wapi.

Mwaka 2000 kipindi hicho kilikwenda mbali zaidi. Waziri Mkuu wa wakati huo, John Howard, alikuwa amekataa kuomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali kwa watoto wa wenyeji wa asili walionyang'anywa familia zao. Australia ilikuwa pia na mwigizaji maarufu aitwaye John Howard. Wakamweka mbele ya kamera, akajitaja jina, ambalo ni lake kweli, akaomba radhi, sentensi baada ya sentensi, bila mzaha wowote. Hapo ndipo mokumentari inapoonyesha nguvu yake: umbo lilikuwa la hotuba ya taifa, jina lilikuwa sahihi, na maneno yalikuwa yale ambayo watu walikuwa wakiyasubiri.

Waziri Mkuu Howard aliondoka madarakani 2007 bila kuomba radhi hiyo. Ilitolewa bungeni Februari 2008, na Waziri Mkuu aliyemfuata, Kevin Rudd.