Kwa nini benki za Uingereza hurudisha ada ambazo mteja alikubali mwenyewe kuzilipa?

Je, wajua kwamba Uingereza wapo watu waliokatwa ada ya akaunti kila mwezi kwa miaka minane au kumi, wakiwa wametia saini kwa mkono wao, halafu wakarudishiwa zote pamoja na riba? Mkataba upo, saini ni yao, na makato yalikuwa yakionekana mwezi hadi mwezi kwenye taarifa ya benki. Ukisikia hivyo unaona hapo hakuna kesi, mtu kakubali mwenyewe. Ila wasuluhishi wa migogoro ya fedha wa kule hawaanzii kwenye saini. Wanaanzia kwenye mazungumzo yaliyotangulia saini.

Kwanza tuelewe akaunti yenyewe. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyezoea kukatwa ada ya uendeshaji, akaunti ya kawaida ya Uingereza inashangaza: haina ada ya mwezi. Desturi hiyo ilishika mwaka 1984, Midland Bank, ambayo baadaye ilimezwa na HSBC, ilipoacha kuwatoza wateja ambao salio lao halishuki chini ya sifuri. Benki nyingine zikaona zitakimbiwa, nazo zikafuata. Tangu hapo Mwingereza anaiona akaunti ya bure kama haki yake, na ukimwambia alipe atakuuliza analipia nini.

Benki zikatafuta la kumjibu. Zikachukua akaunti ileile, zikaifunga pamoja na bima ya safari, bima ya simu, huduma ya kuokolewa gari linapokufa barabarani, na wakati mwingine nafuu kwenye ovadrafti, yaani ile ruhusa ya kutoa zaidi ya ulichonacho. Kifurushi kikapewa jina la kung'aa kama Gold au Platinum, na bei yake ikawa kati ya pauni 10 na 25 kwa mwezi. Tuwe wa haki: si wizi huo. Familia yenye gari, simu nne na safari mbili kwa mwaka inaweza kulipia kifurushi na bado ikaokoa fedha, kwa sababu kuzinunua bima hizo moja moja ni ghali zaidi. Ubaya uliingia kwenye namna ya kuuza.

Miaka ile mfanyakazi wa tawi la benki alikuwa na malengo ya mauzo, na mkate wake ulitegemea kuyafikia. Ili ujue hali ilifika wapi, tazama adhabu ya Desemba 2013, pale FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa kampuni za fedha, ilipoitoza Lloyds Banking Group faini ya pauni milioni 28 kwa jinsi ilivyowapa wauzaji wake bonasi na vitisho. Aliyeshindwa kufikia lengo aliweza kushushwa cheo na mshahara. Ilibainika kwamba muuzaji mmoja aliyeogopa kushushwa alijiuzia bidhaa mwenyewe, akamuuzia mkewe, kisha akamuuzia mwenzake kazini. Faini ile ilihusu uwekezaji na bima nyingine, si akaunti za vifurushi, lakini inakupa picha ya benki za wakati huo.

Sasa mweke mteja mbele ya muuzaji wa namna hiyo. Kaja kuomba ovadrafti au mkopo wa nyumba, anaambiwa ombi litapita vizuri akiwa na akaunti ya Gold. Au kafika nchini juzi, anatafuta akaunti ya kupokelea mshahara, na hakuna anayemwambia kwamba ya bure ipo. Wengine hawakuulizwa kabisa: akaunti ilipandishwa daraja, barua ikaja baadaye, nayo ikatupwa pamoja na matangazo mengine. Hao ndio walioingizwa mkenge waziwazi.

Kundi lililonivutia zaidi ni la wale waliolipia bima ambayo isingeweza kuwalipa hata siku moja. Bima ya safari ina kikomo cha umri, na ukikivuka haikutambui. Ina masharti kuhusu maradhi uliyokuwa nayo kabla, kama kisukari, moyo au shinikizo la damu, ambayo mara nyingi lazima uyataje na pengine uongeze malipo. Asiye na gari hana la kufanya na huduma ya kuokolewa barabarani. Na kwa ndugu zetu wanaoishi London au Birmingham kuna jambo jingine. Vifurushi vya bei ndogo mara nyingi huishia safari za Ulaya. Hata vile vya dunia nzima huweka idadi ya siku kwa safari moja, kwa kawaida kama mwezi hivi. Anayekwenda Mombasa kwa miezi miwili kwa sababu ya msiba na mirathi anaweza kujikuta hana bima nusu ya safari yake, na bado ada inakatwa.

Hapa ndipo saini inapopungukiwa nguvu. Kanuni za Uingereza zinaitaka kampuni ya fedha impe mteja maelezo yaliyo wazi, ya haki na yasiyopotosha. Kama muuzaji alikushauri, akasema "hii ndiyo inayokufaa", alipaswa kwanza kuhakikisha kwamba inakufaa kweli. Kama alikueleza tu na kukuachia uamuzi, basi alipaswa kukueleza yale ambayo ungeyahitaji ili uamue, likiwamo lile la kwamba umri wako umeshapita kikomo. Kuanzia tarehe 31 Machi 2013 masharti yalikazwa: benki lazima ichunguze kama mteja anastahili kila bima iliyo ndani ya kifurushi, na kila mwaka imwandikie kumkumbusha akague kama bado anastahili.

Wengi, hata hivyo, walilalamika na wakaambulia patupu. Sababu waliyoitoa ilikuwa "sikuwahi kuitumia". Hiyo peke yake haisaidii kitu, maana bima ni kitu unachokilipia huku ukiomba usikihitaji. Mwaka wa fedha wa 2015/16, taasisi ya usuluhishi iitwayo Financial Ombudsman Service ilipokea zaidi ya malalamiko 40,000 kuhusu akaunti hizi, na sehemu kubwa haikumwendea mteja vizuri. Kampuni za kudai kwa niaba ya watu zilikuwa zimenona kwa madai ya PPI, bima ya kulinda mikopo ambayo ilizigharimu benki zaidi ya pauni bilioni 38 za fidia, zikadhani huku nako mambo ni yaleyale. Zikamwaga barua za kunakili, maneno yaleyale kwa kila mteja. Barua ya hivyo haimwelezi msuluhishi chochote kuhusu siku uliyokaa mbele ya yule muuzaji, na siku hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Njia ya kudai haina gharama. Unaiandikia benki ukieleza nini kilisemwa na nini hakikusemwa. Huna karatasi? Tangu Mei 2018 unaweza kuitaka benki ikupe kumbukumbu zako bila malipo, nayo ina mwezi mmoja wa kujibu. Kwa lalamiko lenyewe ina wiki nane. Ikikukatalia au ikinyamaza, unakwenda kwa Financial Ombudsman Service, ila ukishapata jibu la mwisho la benki usizidishe miezi sita. Uamuzi wake ukiukubali, benki inalazimika kuutekeleza. Usipoukubali, mlango wa mahakama bado uko wazi kwako.

Tuchukue ada ya pauni 15. Kwa mwaka ni 180, kwa miaka minane ni 1,440. Kwa miaka mingi riba ya kawaida katika maamuzi haya ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka, isiyozaliana, ikihesabiwa kwa kila ada tangu siku ilipokatwa. Kwa kuwa ada ya kwanza imekaa miaka minane na ya mwisho haijakaa hata mwezi, wastani ni miaka minne, hivyo riba inafika karibu pauni 460. Jumla ni kama 1,900. Kama bima iliwahi kukulipa simu iliyoibwa, tarajia benki itake kuipunguza humo. Na ukimtumia wakala, kikomo cha ada yake kilichowekwa Machi 2022 kwa dai la kiasi hiki ni asilimia 28, kisha inaongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT): theluthi ya pesa yako, kwa barua ambayo ungeiandika jioni moja.

Muda ndio unaowakwamisha wengi zaidi. Kanuni inakupa miaka sita tangu ulipouziwa, au, kama huo umepita, miaka mitatu tangu ulipojua au ulipopaswa kujua kwamba una sababu ya kulalamika. Benki hupenda kushikilia zile barua za kila mwaka kwamba zilishakujulisha. Kufunga akaunti hakukuzuii kudai, wala kurudi nyumbani: aliyeishi Leeds na sasa yuko Arusha anaweza kulalamika kuhusu benki aliyohudumiwa nayo akiwa Uingereza. Pesa zikija, kwa kawaida benki huwa imekata asilimia 20 ya kodi kwenye ile riba, si kwenye ada zilizorudishwa. Ambaye kipato chake hakikufikia kiwango cha kulipa kodi huidai sehemu hiyo kwa idara ya kodi ya Uingereza, HMRC, kwa fomu iitwayo R40.