Bangili ya deraya inampozaje mtu?

Deraya ni vazi la vita la zamani lililofumwa kwa vipete vya chuma. Katika ufumaji uliozoeleka zaidi Ulaya, kila kipete hushika vingine vinne. Siku hizi ufumaji huohuo hutumika kwa bangili, mikufu na mapambo ya shingoni, mara nyingi vya alumini, na wapo wanaovivaa wakati wa joto wakisema vinawapoza. Ukiambiwa hivyo lazima ucheke: chuma kimpoze nani?

Lakini jaribu. Chukua bangili iliyokaa kivulini penye nyuzijoto 25, uivae. Ngozi ya mkono ina nyuzijoto 33 hivi, kwa hiyo joto linahama kutoka kwako kwenda kwenye alumini, tena kwa kasi, na unasisimkwa na ubaridi papo hapo. Kitambaa kilichokaa mahali palepale hakikusisimui hivyo. Ngozi haisomi nyuzijoto kama kipimajoto. Inachohisi sana ni kasi ya joto linavyoondoka.

Ubaridi huo haudumu. Gramu moja ya alumini hubeba juli 0.9 tu (juli ni kipimo cha nishati) kwa kila nyuzijoto inayopanda. Bangili nzito ya gramu 100, ikitoka 25 hadi 33, imebeba juli 720. Mwili uliotulia hutoa juli 100 hivi kila sekunde! Yaani bangili nzima imemeza joto lako la sekunde saba, basi, imeshiba.

Jasho ndilo fundi hasa. Gramu moja ikikauka kwenye ngozi huondoka na juli 2,400 hivi, zaidi ya mara tatu ya bangili ile. Deraya ina matundu, jasho linapita na kukauka, wakati mkanda mpana wa ngozi ungelifunikia. Ukiichovya kwenye maji ndiyo bora zaidi, maana matone hunasa kati ya vipete na kukaukia hapohapo. (Askari wa kale hawakuonja raha hii: chini ya deraya walivaa koti nene lililojazwa pamba au matambara, na juu yake kilo kumi hivi za chuma.)

Juani mambo hugeuka. Chuma kilichoachwa kwenye jua kali kinaweza kuunguza, na kikiwa cheusi hupata moto zaidi. Hewa nayo ikizidi joto la ngozi, chuma kikavu hakina pa kulipeleka joto lako.

Kama unanunua kwa ajili ya joto, chagua alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma cha pua, na iwe imelegea. Inayobana hushiba joto ikabaki hivyo. Inayoning'inia huachana na ngozi kila unapopunga mkono, vipete vinapoa hewani, kisha vinarudi kukugusa vikiwa na ubaridi kidogo.