Utoto wa Kiyahudi: tunayoambiwa na yaliyokuwepo kweli

Nimesikia mahubiri mara nyingi kwamba Yesu alipobaki hekaluni akiwa na miaka 12 ilikuwa ni bar mitzva yake, ile sherehe ya mvulana wa Kiyahudi kufikia umri wa kuzibeba amri, na kanisa zima linaitikia amina. Sio kweli. Luka mwenyewe anasema walipanda Yerusalemu kwa Pasaka kama walivyokuwa wakifanya kila mwaka, basi. Miaka 13 kama umri wa mvulana kuanza kuzibeba amri imo kwenye Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, ambayo ilikusanywa karibu mwaka 200, ila ile sherehe yenyewe, kijana anaitwa mbele ya sinagogi asome Torati na baadae watu wanakula, inakuja kuonekana kwa Wayahudi wa Ujerumani na majirani zao mwishoni mwa zama za kati, yaani zaidi ya miaka elfu moja baadae. Ya mabinti ndo changa kabisa, Judith Kaplan, mtoto wa rabi Mordecai Kaplan, alifanyiwa yake New York mwezi Machi 1922 akiwa na miaka 12, na Marekani hakuna inayojulikana kabla ya hiyo.

Halafu kuna hii, eti mtoto wa Kiyahudi wa zamani aliijua fimbo na kukariri tu. Fimbo ilikuwepo, sikatai. Heder, chuo cha watoto wadogo wa Kiyahudi, maana yake ni chumba tu, na mara nyingi kilikuwa kweli chumba kimoja nyumbani kwa mwalimu, wavulana wa miaka mitatu, minne, mitano wamebanana humo kutwa nzima. Lakini angalia siku ya kwanza ilivyokuwa Ujerumani na kaskazini mwa Ufaransa kama miaka 800 iliyopita: asubuhi ya sikukuu ya Majuma mtoto anafunikwa shuka ya sala, anabebwa mpaka kwa mwalimu, anakalishwa mapajani, anasomewa herufi zilizo kwenye ubao, kisha ubao unapakwa asali na yeye anazilamba zile herufi, na anapewa keki na mayai yaliyoandikwa aya. Nyie mliosoma chuoni Lamu au Unguja na mnalijua kombe, aya ya zafarani inaoshwa sahanini mtu anakunywa, hamhitaji kuelezwa sana hapo. Na Talmud, kitabu kikubwa cha sheria na mijadala ya marabi, ilishaweka kiwango, watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 anaongezewa msaidizi. Madarasa yetu mangapi leo yanafika hapo? Talmud hiyo hiyo inasema baba amfundishe mwanae Torati na kazi ya mikono, na wapo waliosema hata kuogelea.

Kwenye sinagogi ya Ben Ezra, Fustat, Cairo ya zamani, makaratasi yaliyochakaa hayakutupwa, yalirundikwa chumbani kwa karne na karne, na ndani yake zimekutwa kurasa za watoto wanaojifunza alefu na beti, herufi za mwanzo za Kiebrania, herufi zimepinda, mistari imepanda juu. Mimi hizo kurasa zinanigusa kuliko vitabu vya wafalme.

"Wasichana hawakusoma." Hili ni nusu kweli, kwa sababu heder ilikuwa ya wavulana kwa sehemu kubwa, lakini Glikl wa Hameln, mwanamke wa Kiyahudi aliyezaliwa Hamburg miaka ya 1640, baba yake alimsomesha, akaposwa na miaka 12, akaolewa na 14, akazaa watoto wengi, na alipofiwa na mume akaandika maisha yake yote kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya. Humo ndo unakuta jibu la wale wanaosema wazazi wa zamani walizoea vifo hivyo hawakuumia sana: anamwandika Mattie, bintiye aliyekufa hajafikisha hata miaka mitatu, na jinsi yeye na mumewe walivyolia mpaka wakashindwa. Mama ni mama tu.

Wengine wanadhani jamii ililinda watoto wake wote sawa. Mwaka 1827 mfalme wa Urusi, Nikolai wa kwanza, aliamuru Wayahudi watoe wanajeshi, hata wavulana wa miaka 12, na kwa vile idadi lazima itimie wazee wa jamii waliajiri wakamataji, na waliobebwa sana wakawa watoto wa maskini na yatima. Ilikoma 1856. Inauma lakini ilitokea.

Na sio wote ni watoto wa Ulaya, hapa jirani tu Mbale, Uganda, Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, wanalea watoto kwa Torati tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoanza mwaka 1919.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba historia ya mtoto wa Kiyahudi ni Hitler tu. Wanazi na washirika wao waliua watoto kama milioni 1.5, hilo halipunguzwi na mtu. Lakini hao watoto walikuwa wanaishi kabla ya hapo. Warsaw, mwaka 1926, Janusz Korczak, daktari wa watoto aliyeendesha nyumba ya yatima, alianzisha gazeti la Mały Przegląd linaloandikwa na watoto wenyewe, wanatuma barua kutoka kila kona ya Poland kuhusu shule, ugomvi na ndugu, mbwa, walimu wanaoonea. Lilitoka kila Ijumaa. Toleo la mwisho ni la Ijumaa tarehe 1 Septemba 1939, siku ile ile Ujerumani ilipoivamia Poland.