Konsoli za kizazi cha pili: Atari, Intellivision na ColecoVision

Konsoli ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja: kuchezea gemu kwenye runinga. "Kizazi cha pili" ni konsoli zilizoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1976, na kinachozitambulisha ni kaseti. Kama uliwahi kupuliza vumbi kwenye kaseti ya gemu kabla ya kuichomeka, unaijua: kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani, na ndani yake chipu iliyobeba gemu nzima.

Odyssey ya Magnavox, iliyotoka 1972 na kufungua njia kwa zote, nayo ilikuwa na kadi za kuchomeka, ila kadi zile hazikubeba gemu. Ziliunganisha tu saketi zilizokuwamo tayari ndani ya mashine. Rangi na mandhari ulijiwekea mwenyewe kwa kubandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha runinga. Zikafuata mashine zenye gemu chache zilizojengewa humohumo. Ukizichoka hizo, huna lingine la kufanya nayo.

Kampuni ya Fairchild ndiyo iliyobadilisha hali hiyo Novemba 1976 kwa konsoli yake ya kaseti, Channel F. Kazi ile iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mweusi katika fani iliyokuwa na watu Weusi wachache mno. Kuanzia hapo mashine inabaki ileile, gemu ndiyo inayobadilika. Jina la Lawson lilikaa kimya miaka mingi, na ni haki litajwe kila habari hizi zinaposimuliwa.

Mwaka uliofuata, 1977, ikaja Atari VCS, baadaye ikaitwa 2600. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. SMS moja ya kawaida huchukua baiti 140. Kwa hiyo mashine haikuwa hata na mahali pa kuweka picha ya skrini. Runinga za wakati ule zilichora picha kwa mwale, mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na mwandishi wa programu alipaswa kuiambia chipu ya picha ichore nini kwenye mstari huu kabla mwale haujahamia mstari unaofuata. Prosesa, yaani chipu inayotekeleza programu, ilipewa mapigo 76 tu, hatua ndogo ndogo za kazi, kwa kila mstari. Vitu vinavyotembea ambavyo chipu ilivifahamu ni vitano: "wachezaji" wawili (jina tu la maumbo, si watu), makombora mawili, mpira mmoja.

Sasa tazama Space Invaders ya Atari ya 1980. Wavamizi ni 36, wamejipanga safu sita za sita sita. Wametoka wapi? Chipu iliweza kumrudufu kila mchezaji mara tatu, basi wachezaji wawili wakatoa wavamizi sita wa safu moja. Mwale ukimaliza safu, programu inawabadilisha umbo walewale na kuwachora tena chini yake. Kazi ya namna hii inanifanya niwaheshimu sana waandishi wale.

Intellivision ya Mattel ilijaribiwa Fresno, California, 1979, kisha ikauzwa nchi nzima. Prosesa yake ilikuwa ya biti 16, ya Atari biti 8. Tuelewane hapa: biti zinaeleza ukubwa wa namba ambayo prosesa inaishika kwa mara moja, si kasi yake. Kwa mapigo ya saa, ya Intellivision ilikwenda polepole kuliko ya Atari. Faida yake ya kweli ilikuwa kwenye picha: vitu vinane vinavyotembea, na chipu iliyotunza skrini yenyewe bila kumsumbua mwandishi. Matangazo yake yaliziweka runinga mbili sambamba, mwandishi wa vitabu George Plimpton akiwaonyesha watu tofauti ya Atari na Intellivision, na kwa gemu za michezo kama besiboli alisema kweli. Padi yake ilikuwa na vitufe 12 vya namba na sahani ya pande 16. Kwa gemu za kasi, mimi naona fimbo ya Atari inatii mkono zaidi.

ColecoVision ilitoka 1982 ikiwa na Donkey Kong ndani ya boksi, na picha zake zilikaribia zile za mashine kubwa za kulipia, za kwenye kumbi za gemu, kuliko mpinzani yeyote kati ya hao wawili.

Hata hivyo Atari, iliyokuwa dhaifu kuliko zote tatu, iliuza takriban mashine milioni 30. Intellivision zaidi kidogo ya milioni 3. Kilichoamua ni wingi wa kaseti. Mattel na Coleco wenyewe walitengeneza kaseti za kuchomeka kwenye Atari, kisha kila mmoja akauza kifaa cha kuiwezesha konsoli yake icheze gemu za Atari. Na tangu Activision ilipoanzishwa 1979 na waandishi waliotoka Atari, kampuni nyingine nazo zilijua kwamba zinaweza kuitengenezea kaseti mashine isiyo yao.

Mlango huo ndio uliopitisha pia gemu mbovu, nyingi mno, na 1983 soko la Marekani likaporomoka. Nintendo ilipoingiza konsoli yake, NES, huko 1985, ya kizazi cha tatu, iliweka chipu ya kufuli ndani ya konsoli na nyingine ndani ya kila kaseti. Zisipotambuana, gemu haiwaki.