Paratiroidi si vipande vya tiroidi

Karatasi nyingine ya kipande cha paratiroidi, vile vijitezi ambavyo kwa kawaida huwa nyuma ya tiroidi shingoni, imetufikia maabara hapa Bukavu, imeandikwa "tiroidi ndogo". Halafu simu ya daktari kijana. Mama aliondolewa rovu, sasa vidole vinamchonyota na mikono inakakamaa. "Dokta, tumuongezee chumvi yenye iodini?"

Hapana! Huku Kivu, Idjwi hasa, rovu na iodini vimesemwa sana, naelewa. Lakini iodini ni ya tiroidi. Paratiroidi inalinda kalsiamu ya damu, na kalsiamu ndiyo iliyomwishia mama huyo, paratiroidi zake zikiwa zimeguswa au kuondoka pamoja na rovu. Kupanga nyuma ya nyumba ya mtu hakukufanyi mtoto wake.

Hata asili zao ni mbali. Tiroidi huanzia katikati, sakafuni mwa koromeo la kijusi. Paratiroidi hutoka pembeni, kwenye vifuko vya koromeo. Tezi ya chini hutoka kifuko cha tatu, ya juu hutoka cha nne. Ndiyo, nimeandika sawa: ya chini huanzia juu. Hushuka pamoja na timusi, tezi ya kifuani, ikampita mwenzake njiani, na kwa safari hiyo ndefu ndiyo inayopotea zaidi: pengine hubaki karibu na taya, pengine huburutwa hadi kifuani. Ya juu hutembea kidogo, kwa hiyo mara nyingi utaikuta nyuma ya tiroidi, karibu na mshipa wa fahamu wa sauti unapoingia kwenye zoloto. Ule mchoro wa nukta nne zilizopangwa sawasawa ningeuchana. Wengi wana nne, kweli, lakini wapo wenye tatu na wenye tano, na kila moja ina miligramu 30 hadi 40 tu. Sandström wa Uppsala alizieleza kwa binadamu mwaka 1880. Mpasuaji wa leo bado huzitupa akidhani ni mafuta.

Chini ya hadubini: seli kuu zinazotoa homoni, mafuta katikati, na seli oksifili zilizojaa mitokondria. Hizo oksifili huongezeka na umri. Kazi yao hasa hakuna anayeijua vizuri, vitabu viseme vitakavyo. Tena paratiroidi nayo hutengeneza viduara vyenye ute wa waridi kama tiroidi. Hapo nawasha mwanga wa polaraizi: fuwele za oksalati zikimetameta kwenye ute, naegemea tiroidi.

Na mkiniletea tezi moja tu iliyovimba, msinilazimishe kuandika "adenoma", yaani uvimbe usio saratani wa tezi moja. Kwa moja siwezi kuitenga na haiplasia, yaani tezi zaidi ya moja kukua kupita kiasi. Leteni hata kijipande cha ya pili.