Matthews Hakushinda Fainali ya 1953 Peke Yake
Fainali ya Kombe la FA la Uingereza ya 1953 huitwa mpaka leo fainali ya Stanley Matthews, mchezaji wa Blackpool, hata wengi wakaamini kwamba ndiye aliyefunga bao la ushindi. Hakufunga hata moja. Blackpool ilipoilaza Bolton 4-3 pale Wembley, baada ya kuwa nyuma 3-1, mabao matatu yalitiwa wavuni na Stan Mortensen, ambaye kwa haki ndiye angepewa jina la mchezo, na la nne ni la Bill Perry, katika dakika za majeruhi. Matthews, winga wa kulia mwenye miaka 38, ndiye aliyemmegea Perry pasi ya bao hilo, akipita upande ambao Bolton ilikuwa imedhoofika: mchezaji wake Eric Bell alichechemea tangu mapema, na zama hizo mchezaji aliyeumia hakubadilishwa.